Mbwa kwa mtoto mwenye usonji: Geita ina sababu ya kumjaribu

Mtoto mwenye usonji akichoropoka nyumbani katika kitongoji cha Toronto, anakuta barabara yenye taa, kivuko cha miguu na dereva aliyezoea kusimama. Akichoropoka Rwamgasa, Nyarugusu au Mgusu, mkoani Geita, anakuta maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Baadhi bado yanachimbwa, yana matimba na mlinzi. Mengine yaliachwa siku dhahabu ilipokata. Hayana uzio wala alama, na masika yakija hujaa maji mpaka ukingoni. Kando yake kuna mialo ya kuoshea, madimbwi ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yenye zebaki, malori ya mawe na bodaboda zisizopunguza mwendo. Ukivuka kwenda Kahama, Shinyanga na Kishapu unakuta malambo ya kunyweshea ng'ombe, wazi pande zote. Naanza na ardhi yenyewe kwa sababu hoja yangu imesimama juu yake: mbwa aliyefunzwa kumsaidia mtoto mwenye usonji, ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa anasa ya Wazungu, ana kazi kubwa zaidi kwenye ukanda wa dhahabu kuliko kule alikoanzia.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema utotoni na kumfanya mtu awasiliane, ashirikiane na wenzake na kupokea sauti, mwanga au mguso kwa namna isiyofanana na ya wengi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takribani mtoto mmoja katika kila 100 ana hali hiyo. Wapo wanaozungumza bila kukoma, na wapo wanaofika umri wa darasa la kwanza bila kutamka neno, hata jina la mama. Katika tofauti zote hizo, jambo moja huwatesa wazazi wengi kupita mengine: mtoto kuondoka. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa familia zenye watoto zaidi ya 1,200 wenye usonji. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne, umri ambao watoto wengi huwa wameshaacha. Miaka mitano baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakipitia kumbukumbu za vifo vya nchi hiyo, walikadiria kwamba hatari ya mtoto mwenye usonji aliye chini ya miaka 15 kufa maji ni mara 160 ya ile ya watoto kwa jumla. Vifo walivyovipitia havikuwa vingi, kwa hiyo namba hiyo isishikwe kama msahafu. Hata ukiikata nusu, kisha nusu tena, bado inatisha.

Mtoto huyo hakimbii kwa ukaidi. Anakimbia kelele inayomchoma masikioni, au anafuata kitu kinachomvuta, na maji yanayometameta huwavuta wengi wao. Sasa weka tabia hiyo katika mtaa ambao karasha linasaga mawe kutwa nzima, jenereta inanguruma, na nyuma ya nyumba ya tatu kuna shimo lililojaa maji. Mambo mawili yanayomsukuma mtoto wa namna hii kuondoka, kelele na maji, yamewekwa pamoja katika umbali wa kutupa jiwe. Na mtoto asiyezungumza hawezi kujibu akiitwa. Akitumbukia hatapiga yowe la kuomba msaada kama tunavyotarajia, na wanaomtafuta wanaweza kupita karibu naye wasijue.

Mbwa wa kazi hii walianza kufunzwa Kanada katikati ya miaka ya 1990, na shirika la National Service Dogs la jimbo la Ontario ni miongoni mwa yaliyotangulia. Namna wanavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Mzazi anashika kamba ya mbwa na ndiye anayetoa amri. Mtoto amevaa mkanda kiunoni, na mkanda huo umeunganishwa na vazi la mbwa. Mtoto akichomoka ghafla, mbwa hukita miguu au hulala chini, na uzito wake humzuia mtoto kwa sekunde chache zinazomtosha mzazi kumshika mkono. Usiku mbwa hulala chumbani kwa mtoto, na mtoto akitoka kitandani mbwa naye huamka. Baadhi hufunzwa zaidi ya hapo: kujilaza juu ya miguu ya mtoto aliyelemewa, maana uzito huo huwatuliza baadhi yao, au kusukuma kwa pua mkono wa mtoto anayejigonga kichwa. Watafiti wa Kanada waliofuatilia familia kumi zilizopewa mbwa hao, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona kwamba faida iliyotangulia nyingine zote ilikuwa usalama. Mengine yalifuata nyuma yake: wazazi walianza kulala usiku, familia zilianza kutoka pamoja kwenda sokoni na mikahawani, na watu baki waliokuwa wakimtazama mtoto kwa jicho baya walianza kumuuliza habari za mbwa wake.

Familia kumi ni chache, na mtetezi mwaminifu wa jambo hili hana budi kukiri kwamba tafiti zake nyingi ni ndogo. Uliotajwa sana ulifanywa Quebec na kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti walipima kwenye mate ya watoto 42 wenye usonji kiasi cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye mkazo. Kwa kawaida homoni hiyo hupanda asubuhi mtu anapoamka. Kabla ya mbwa kuja, ilipanda kwa asilimia 58 kwa wastani. Mbwa alipokuwa nyumbani ilipanda kwa asilimia 10 tu. Alipoondolewa kwa muda ikarudi kwenye asilimia 48. Ni matokeo ya kusisimua, lakini wastani wa homoni hiyo kwa siku nzima haukubadilika, na hakuna ajuaye kwa hakika kupungua kwa asubuhi kunamaanisha nini katika maisha ya mtoto. Mbwa hamfundishi mtoto kuzungumza. Usonji haumtoki mtoto kwa sababu ya mbwa, na atakayemwambia mzazi wa Katoro au Ushirombo kwamba utatoka ni tapeli sawa na yule anayeuza dawa ya kuuondoa. Mimi natetea kazi moja tu ya mbwa, ile ambayo haihitaji homoni kuithibitisha: mtoto aliyefungamanishwa na mnyama wa kilo 30 aliyefunzwa kukaa hafiki kwenye shimo.

Kabla hatujauliza kama jambo hilo linafaa, tuangalie mzazi wa hapa anafanya nini sasa. Anafunga mlango, au anamfunga mtoto. Maofisa ustawi wa jamii katika mikoa mingi ya nchi hii hawashangai tena wakikuta mtoto mwenye ulemavu amefungwa kamba mguuni, ncha ya pili kwenye mti au kwenye nguzo ya nyumba, mama yake akiwa shambani au akiponda mawe kutafuta chakula cha jioni. Ni rahisi kumlaani mama huyo kutoka ofisini. Yeye anajua shimo liko wapi. Na katika Kanda ya Ziwa kuficha mtoto kuna historia nzito zaidi ya aibu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia mwaka 2006 na 2007, watoto walikusanywa nyuma ya kuta ili wabaki hai, na Shule ya Msingi Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa shule jumuishi, ikageuka kuwa kimbilio lao. Mwanzoni mwa mwaka 2009, kutokana na mauaji hayo, Serikali ilifikia hatua ya kuwafutia leseni waganga wa jadi. Jamii iliyopitia hayo imejifunza somo moja la kikatili, kwamba mtoto aliye tofauti huwa salama akiwa haonekani. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye usonji hukua bila kuuona mtaa, na mtaa hukua bila kumjua. Hapo ndipo mbwa anapoleta kitu ambacho kufuli haiwezi kukileta, maana naye anamzuia mtoto lakini anatembea. Kamba ya nguzo humbakiza mtoto uani. Kamba ya mbwa huenda naye kisimani, gulioni na kwenye ibada.

Najua lipo pingamizi hapo hapo, na wanaolitoa kwa nguvu ni baadhi ya watu wazima wenye usonji wenyewe huko Ulaya na Marekani: kumfunga binadamu kwa mnyama ni kumvunjia heshima, na mtoto asiyeweza kusema hataki huonekana amekubali. Nalichukulia kwa uzito. Mkanda huo una mahali pake, nako ni kwa mtoto mdogo, wa miaka mitatu hadi saba au minane hivi, ambaye hata asiye na usonji angeshikwa mkono barabarani. Akikua, mkanda uvuliwe, abaki na mpini wa kushika kwenye vazi la mbwa, ambao anaweza kuuachia akitaka. Pia wapo watoto ambao mbwa ni adhabu kwao, kwa sababu mbweko mmoja unawachoma kuliko karasha lenyewe, au kwa sababu wanaogopa manyoya na mate. Hao wasipewe. Mtoto anaonyesha kwa mwili wake kama anamtaka mnyama au la, na siku chache za kukaa karibu na mbwa mtulivu zinatosha kumwambia mzazi makini.

Tuje kwenye gharama, ambapo mjadala huu kwetu kwa kawaida huzikwa. Kumfunza mbwa mmoja Amerika ya Kaskazini huchukua kama miaka miwili na hugharimu dola 20,000 hadi 30,000, mara nyingine zaidi. Kwa fedha yetu, kiwango cha chini kinakaribia shilingi milioni 50. Kumleta mbwa wa aina ya labrado kwa ndege, aje kuhema kwa joto la Kishapu, ale chakula cha kopo kinachouzwa Mwanza tu, ni mpango wa kufurahisha wafadhili na wapiga picha. Siutetei. Ninachouliza ni kama maarifa yanaweza kuja bila yule labrado, na majibu yapo karibu kuliko tunavyodhani. Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, Francis Okello Oloya, mwanasaikolojia aliyepofuka akiwa na miaka 12 baada ya kulipukiwa na bomu, alianzisha mradi unaowaunganisha manusura wa vita vya kundi la waasi la Lord's Resistance Army na mbwa waliookotwa mitaani. Mbwa hao huchanjwa, huhasiwa, huchunguzwa tabia, kisha mtu na mbwa wake hufunzwa pamoja. Kazi yao ni kuwatuliza watu wazima wanaoandamwa na kumbukumbu za vita, kwa hiyo hatuwezi kuichukua Gulu nzima tukaipanda Geita. Lakini Gulu imevunja dhana mbili kwa mpigo: kwamba mbwa wa kienyeji hafunziki, na kwamba Mwafrika maskini hawezi kumtunza mbwa kwa sababu nyingine zaidi ya kulinda boma.

Hapa nchini ujuzi wa kufunza wanyama si mgeni. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wa panya hao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Usa River, karibu na Arusha, mbwa na waongozaji wao wamefunzwa kunusa pembe za ndovu zinazosafirishwa kwa magendo. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Nchi iliyofunza panya akaokoa wakulima wa Kambodia haiwezi kusema imeshindwa kumfunza mbwa amzuie mtoto wa Geita asitumbukie duarani. Tofauti ni kwamba pembe za ndovu na mabomu vilipata watu wa kuvililia mbele ya wafadhili, na mtoto wa Nyarugusu bado.

Mbwa wetu wa kienyeji ana kasoro moja kubwa, uzito. Wengi wao hawafiki kilo 20, na mtoto wa miaka saba mwenye nguvu atawaburuta. Kwa hiyo nadhani kazi yenyewe lazima ibadilishwe ilingane na mnyama tuliye naye. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne mbwa mkubwa wa kienyeji anaweza kuwa nanga. Kwa aliyezidi hapo afunzwe kuwa kengele na mfuasi. Kengele: abweke mara mtoto anapovuka mpaka wa uwanja, usiku na mchana. Mfuasi: aende naye asimwache, aendelee kubweka alipo mpaka watu wafike. Kijana wa Kisukuma anayechunga ng'ombe anaijua kazi hii, kwa sababu mbwa wake humfuata porini na hubweka akiona hatari bila kufundishwa na mtu mwenye cheti. Mafunzo yatakayoongezwa ni ya kuinoa tabia iliyopo, ielekezwe kwa mtoto mmoja. Na ili mbweko usipotee hewani, kuna sungusungu. Ulinzi huu wa jadi, uliochipuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, umejengwa juu ya kanuni kwamba yowe likipigwa kila mtu anatoka. Kijiji kilichoelezwa mapema kwamba mbweko wa mbwa mwenye vazi la rangi fulani maana yake ni mtoto ametoka, kinaweza kumfikia mtoto huyo kabla gari la polisi halijawashwa.

Kichaa cha mbwa ni pingamizi ambalo halihitaji falsafa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 1,500 nchini kila mwaka, na duniani takribani wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto asiyezungumza hawezi kusema aling'atwa. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa asikaribie mradi huu hata kwa dakika moja, na chanjo irudiwe kila mwaka bila msamaha. Lakini hoja hii ukiigeuza inamuunga mkono mbwa msaidizi. Wataalamu wanasema kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunatosha kukata mnyororo wa maambukizi. Kampeni za chanjo kwenye vijiji vinavyopakana na Serengeti zilipunguza sana ugonjwa huo, na Pemba ilifanikiwa kuukata. Mradi wa mbwa wachache ukilazimisha halmashauri ichanje mbwa wote wa vijiji vinavyozunguka, maana mbwa mmoja aliyechanjwa katikati ya wagonjwa hana usalama, basi watoto wengi wasiokuwa na usonji watafaidika na mbwa ambao hawatawaona kamwe. Ningekubali mradi ushindwe katika mengine yote ukifaulu katika hilo.

Kuhusu dini nitasema kifupi. Waislamu wengi wa kwetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na hilo ni jambo la kuheshimiwa katika nyumba ya mtu. Wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wamemruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na mazao, kwa hiyo mlango wa kuwauliza masheikh kuhusu mbwa wa kulinda mtoto uko wazi. Jibu lao lolote, familia isiyotaka isisukumwe. Hofu ya uchawi ni nzito zaidi katika mikoa hii. Mahali ambapo simulizi za wachawi kupanda fisi usiku bado zinaaminiwa, mtoto asiyezungumza anayetembea na mnyama aliyemzoea kupita kiasi anaweza kuzushiwa jambo. Dawa ya hilo ni mwanga wa mchana: mbwa akabidhiwe mbele ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti, sungusungu, mwalimu mkuu na viongozi wa dini wakiwepo, na kazi yake ionyeshwe hadharani watu waone amri, vazi na mkanda. Kitu kilichofanywa wazi mbele ya kijiji kizima hakina nafasi kubwa ya kugeuzwa siri.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa walimu na madaktari, na sina nia ya kulishinda lote. Wanasema: mtoto huyu hajapimwa. Hana mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Mama yake akitaka kujua ana nini atasafiri hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, alipe nauli na malazi, na pengine aambiwe arudi mwezi ujao. Na wewe unazungumza habari za mbwa? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga. Tukichukua kwamba karibu nusu yao ni watoto, na tukiazima kipimo cha dunia cha mmoja katika 100, tunapata watoto zaidi ya 20,000 wenye usonji katika mikoa miwili tu. Mbwa kumi hawana wanachowafanyia watoto 20,000. Mwalimu mmoja aliyefunzwa vizuri anagusa watoto wengi zaidi katika kazi yake kuliko mbwa yeyote. Ni kweli, na kama fedha zingekuwa kwenye mfuko mmoja, shilingi ya kwanza ingeenda kwa mwalimu, ya pili kwa mhudumu wa kituo cha afya anayejua kuzitambua dalili mapema, na mbwa angesubiri.

Fedha hazikai kwenye mfuko mmoja, hata hivyo. Mwalimu na mhudumu wa afya ni wajibu wa Serikali na hulipwa kwa kodi. Ukanda wa dhahabu una chungu kingine. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii utakaokubaliwa na halmashauri. Kwa njia hiyo mabilioni ya shilingi kutoka mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, yamejenga madarasa, zahanati na masoko. Mgodi wa Bulyanhulu nao vivyo hivyo. Mtu atauliza kwa nini tusiseme mashimo yafukiwe tu. Yafukiwe, na anayeyaacha wazi awajibishwe. Lakini yeyote anayejua jinsi dhahabu inavyovumishwa huku anajua kwamba uvumi ukianza leo, keshokutwa pori lililokuwa tupu lina mamia ya watu na mashimo mapya, na leseni hufuata nyuma. Mtoto hawezi kusubiri sheria ilifikie kila duara. Uchimbaji ndio ulioleta hatari hii mlangoni kwake, na fedha ya uchimbaji kulipia sehemu ya ulinzi wake si sadaka.

Ninachopendekeza ni kidogo kwa makusudi. Familia kumi, labda kumi na tano, za Geita na Kahama, ambazo watoto wao wamethibitishwa kuwa na usonji, wana historia ya kutoroka, na hawaogopi mbwa. Wataalamu wa wanyama wa Sokoine wasaidie kuchagua na kuwafunza mbwa wa kienyeji, na watu wa Gulu waalikwe waeleze walikokwama. Mzazi afunzwe kwa muda ule ule mbwa anaofunzwa, maana mzazi ndiye mwongozaji. Mradi ulipe chanjo, dawa na posho ya chakula cha mbwa, ili kaya inayokula mlo mmoja isiwekwe katika uchaguzi kati ya mtoto na mnyama, na kwa sababu mbwa mwenye njaa hafanyi kazi. Kwa miezi sita kabla ya mbwa kufika na miaka miwili baadaye, yaandikwe mambo machache yanayohesabika: mtoto ametoka uani mara ngapi bila mtu, amechukua dakika ngapi kupatikana, mzazi analala saa ngapi, na mtoto ametoka nyumbani siku ngapi kwa wiki akiwa na familia yake. Familia nyingine za idadi hiyo hiyo zipewe uzio, kengele ya mlangoni na mafunzo ya malezi bila mbwa, ili tujue kama mbwa anaongeza kitu au uzio ulitosha. Nakiri uwezekano kwamba uzio utatosha katika nyumba nyingi, na hilo likidhihirika litakuwa limetuokolea fedha.

Masharti ya kusimamisha yaandikwe kabla ya kuanza na yasainiwe na halmashauri. Mbwa akimng'ata mtu, anaondolewa siku hiyo hiyo. Mbwa akionekana anapigwa au analala na njaa, anaondolewa pia, kwa sababu mnyama anayetumika vibaya mwisho humgeukia aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Mtoto akianza kumkimbia, hakuna majaribio ya kumzoesha kwa nguvu: mbwa aende kwa familia iliyo kwenye orodha ya kusubiri, na ile aliyotoka ipewe uzio.